Ukuta wa Jiko, Ziwani

Nyumba yetu ya mtaa wa Ziwani ilikuwa chumba kimoja na jiko, na ukuta wa jiko tulikuwa tumegawana na jirani. Huyo jirani alikuwa mjane aliyetoka Nyeri. Mama yangu naye ni mjane kutoka Kakamega. Walikuwa wamezeekea pande mbili za ukuta huo. Asubuhi mmoja aligonga kwa mwiko, mwenzake akajibu, kila mtu akaendelea na uji wake.

Mvua ndizo zilizouharibu. Paa lilivuja pale pale kila msimu, maji yakapenya, ukuta ukavimba, plasta ikaanza kudondokea sufuriani. Wenye nyumba tuliwaambia. Walikuja, wakatazama, wakaenda zao.

Mimi nilitaka tuhame. Nilikuwa nimeona nyumba mtaa wa Kayole, ghorofa ya tatu, kavu. Mama hakutaka hata kusikia.

"Baba yako alifia humu," akasema. "Ukitaka kwenda, nenda. Mimi niletee fundi."

Fundi akaja, mtu wa kanisa letu. Aligongagonga kwa nyundo, kisha akachomeka bisibisi ukutani, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mama, huu umeoza kabisa," akasema. "Nikiupiga plasta nitakuwa namrembesha mgonjwa. Ni kubomoa na kujenga upya, na siwezi kujenga kwenye mvua hii."

Jirani aliitwa, tukashauriana sote mlangoni. Tukakubaliana kwamba mvua ikikatika ukuta ubomolewe, na kwa sasa asipike mtu jikoni. Mama alinigeukia, karibu atabasamu.

"Ukishajengwa, Kayole sitaki kuisikia tena."

Tukawa tunapikia kwenye veranda. Lakini Jumamosi moja mvua ilikuja na upepo wa kuzima kila jiko la makaa, na jirani alikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, ambayo haijaiva. Akairudisha ndani. Mama alimsikia akiburuta jiko, akapaza sauti, "Wewe, toka huko!" Jirani akajibu kwamba ni dakika kidogo tu.

Nilisikia kishindo kizito, kama gunia la viazi limeangushwa sakafuni. Nilipofika jikoni kwetu, nilikuwa natazama hadi ndani ya jiko lake. Ukuta wote ulikuwa umelala upande wake.

Wanaume wa laini yetu ya nyumba walikuja mbio, tukatoa mawe kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa na fahamu. Mama alipiga magoti kwenye tope, akamshika kichwa.

"Epua githeri," jirani akamwambia. "Itaungua."

Alifariki hospitalini kabla jioni haijaingia.

Mama hakulia mbele za watu. Siku zote za matanga alimimina chai, akaosha vikombe, akamimina tena. Tuliporudi kutoka mazishini Nyeri, alipanda kiti akiwa bado na nguo za safari, akaanza kushusha mapazia.

"Hiyo nyumba ya Kayole bado iko?" akaniuliza.

"Iko."

"Basi twende."

Sasa tunaishi huko. Hapavuji. Ngazi zinamshinda magoti, kwa hiyo anashuka Jumapili tu, na mlango wa pili wanaishi vijana wa kazi ambao hatujawahi kuwaona uso. Anakaa kitandani, redio ikiwa chini, na ukimwuliza kama anataka kitu anasema hapana.

Wiki chache baada ya kuhama nilirudi Ziwani kuchukua meza tuliyoiacha. Nilikuta nyumba ina watu: mume, mke na mtoto mchanga mgongoni. Pale palipokuwa na ukuta walikuwa wamepigilia mabati. Nilimweleza yule mke yote, hata jinsi jirani alivyofariki. Alisikiliza mpaka mwisho, akimbembeleza mtoto.

"Pole sana," akasema. "Lakini kule tulikotoka, mto uliingia ndani na tukapoteza kila kitu."

Mumewe akanisaidia kuitoa meza.