Herufi za Binti Yangu

Binti yangu alipozaliwa hakulia. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mikono yake yote miwili ilikakamaa, vidole vikifumbata kidole gumba. Akili haikuguswa. Alipoanza shule hapa Chaka, alisoma kabla ya wenzake wengi. Kuandika ndiko kulikomshinda.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, dada mmoja mpole katika hospitali ya Nyeri, alinielekeza. "Mama, usianze na penseli. Mwekee unga kwa sinia, achore na kidole. Mpe pegi za nguo abane. Dakika kumi kila siku, na umsifu hata kwa kidogo."

Nilifanya hivyo. Kila jioni nilifunga kibanda changu cha vitunguu, nikanawa mikono, tukaketi mezani. Mwanzoni alicheka sana, unga ukimjaa hadi puani. Baada ya miezi kadhaa nikaizungushia penseli mpira wa tyubu ya baiskeli ili aweze kuishika. Siku moja akachora mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Nilipiga makofi. Nilidhani tumeanza safari.

Mwaka uliisha tukiwa kwenye mistari ileile. Kabla ya mazoezi vidole vililegea kidogo nilipovikanda kwa mafuta. Akishika penseli tu, vinakakamaa upya, na karatasi inatoboka. Alianza kutoka jasho akiona sinia.

Ndipo nikafanya jambo ambalo bado linaniuma. Mwalimu alikuwa ametoa kazi ya nyumbani: ukurasa mmoja wa neno "mama". Nikaushika mkono wake ndani ya wangu, nikaandika ukurasa mzima. Kesho yake mwalimu akatia tiki nyekundu, akawaambia watoto wampigie makofi.

Binti yangu akasema, mbele ya darasa lote, "Si mimi. Ni mama aliandika. Mkono yangu ilikuwa tu hapo."

Mwalimu aliniita. Hakunigombeza. "Mama, huyu mtoto anaelewa kila kitu," alisema. "Lakini niko na watoto hamsini. Mtihani ni wa kuandika. Sijui nitamsaidia aje."

Jioni hiyo niliweka sinia mezani kama kawaida. Binti yangu aliikalia mikono yake.

"Mama, tuwache."

"Jaribu kidogo tu. Jana ulifanya vizuri."

"Wewe husema vizuri hata nikikosa."

Nikaurudisha unga kwenye debe, nikapika ugali.

Sasa yuko gredi ya nne. Niliomba shuleni apewe mtu wa kumwandikia majibu anayoyataja. Nikaambiwa nilete barua ya hospitali. Nikaleta, nikaambiwa inahitajika nyingine. Siku za mtihani anakaa na karatasi tupu mpaka kengele ilie, na majibu yote anayajua. Huniambia moja baada ya jingine tukitembea kurudi nyumbani, nami siku hizi namwomba azungumzie mambo mengine.

Mazoezi tumebakisha Jumapili tu, baada ya kanisa. Hukubali, nadhani, kwa kunihurumia. Huchora mistari mitatu, minne, yote imepinda, kisha huinua macho kuangalia kama nimetosheka. Namwambia imetosha, aende akacheze.