Jaribio la Mashine ya Nyayo

Kibanda changu cha kutengeneza redio kiko Oli, pembeni mwa mji wa Arua, na kwa miaka mingi kazi nzito kuliko zote niliyowahi kuifanya humo ilikuwa kufufua spika za kanisa. Kwa hiyo ofisa mmoja wa jeshi, kapteni, aliponiuliza kama naweza kuunda kifaa cha kusikia nyayo za watu wanaovuka mpaka kwa njia za panya, nilijibu naweza kabla hajamaliza kuuliza. Alikitaka haraka: unda, jaribu, kikishindwa unda kingine. Nikaanza kujiita mvumbuzi. Mke wangu aliendelea kunituma sokoni.

Cha kwanza nilikitia ndani ya kopo la majarini, kikalia kila kuku alipopita. Cha pili kilisikia pikipiki tu. Cha tatu nilikipa akili, yaani akili yangu, na balaa likaanzia hapo. Kihisi kinafukiwa ardhini, waya unakwenda hadi kwenye kisanduku chenye taa tatu: kijani ni mnyama, njano ni mtu, nyekundu ni watu wengi wanaokimbia. Siri ilikuwa mdundo. Mbuzi hutembea ovyo, binadamu hupiga hatua sawasawa. Nilimtembeza mke wangu uani wiki nzima, akiwa na beseni kichwani na bila beseni, mpaka akauliza kama adui mwenyewe ni yeye.

Siku ya jaribio tulikwenda Koboko, karibu na mpaka, kapteni, askari sita na mimi. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, mchana jua likawaka. Mtu yeyote wa huku angejua siku ya namna hiyo watu hushughulika na nini. Mimi nilizaliwa Adumi, hukuhuku, lakini nilikuwa nawaza hotuba nitakayotoa mambo yakienda vizuri. Tukafukia kihisi kando ya njia, tukarudi kujificha kwenye majani marefu. Haikupita nusu saa, taa nyekundu ikawaka na haikuzimika.

"Fundi, mashine nasema nini?" kapteni akaninong'oneza.

"Afande, watu iko mingi! Nakimbia!"

Nilisema kwa furaha. Hadi leo kinachoniumiza ni ile furaha.

Askari wakakoki bunduki, wakaenda wameinama. Nikawafuata, kisanduku kikining'inia kifuani kwa mkanda, waya wake ukiburuzika nyuma. Nyuma ya kichaka tukakuta wanawake watatu wamezunguka kichuguu. Walikuwa wamekifunika kwa blanketi kuukuu, wakipiga vijiti juu ya ubao, harakaharaka na kwa mdundo ulio sawa kabisa, ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi, watoke. Kwetu tunawaita onya, na utoto wangu wote nimewapigia vijiti hivyohivyo. Nilikuwa nimepima kuku, mbuzi, pikipiki na mke wangu. Hili halikunijia akilini hata mara moja.

Wawili walitimua mbio. Wa tatu, mama mtu mzima, aliweka kijiti chini, akalala kifudifudi, akanyoosha mikono mbele na kutanua vidole. Hakuna aliyemwamuru. Alifanya taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayetandika kitanda chake. Askari mmoja kijana alikuwa amemwelekezea bunduki, kidole kiko tayari. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni kumbikumbi, ni kumbikumbi tu, kapteni akaniwahi.

"Shusha bunduki!" kapteni akafoka. Kisha akasema kwa upole, "Mama, amuka. Hakuna maneno."

"Mimi natoka Sudani, baba," akajibu, mdomo ukiwa mchangani. "Naona bunduki, nalala. Kwetu iko hivyo."

Kapteni akashusha pumzi, akacheka, akanipiga begani. "Lakini nasikia mbali, fundi! Iko muzuri. Leta kumi."

Fomu aliyokuja nayo iliuliza kama kifaa kimegundua mwendo, na kweli kilikuwa kimegundua. Nikaziona akilini zile mashine kumi zimefukiwa kwenye njia za wakimbizi, na mahali pa kapteni huyu yupo mwingine mwepesi wa hasira. Niliogopa. Nikasema, "Afande, haiko tayari." Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema sijui. Akakunja fomu yake bila kunitazama.

Yule mama alikuwa ameinuka, shavu moja limejaa mchanga. Kapteni hakumshughulisha. Alinitazama mimi mwenye kisanduku cha taa, akaona mkubwa ni mimi.

"Afande," akaniambia, "naweza piga tena?"

"Piga tu, mama."

Hakupiga. Alisubiri, akikitazama kisanduku. Nikang'oa nyaya za betri mbele yake, nikamwonyesha. Ndipo akaokota kijiti, akaanza kupiga polepole, macho yake yakiwa kwangu, si kwenye kichuguu.