Mashine ya Kuitafuta Idjwi

Kisiwa cha Idjwi ni kirefu kiasi kwamba ukitoka Goma kwa mtumbwi, ukaelekeza pua kusini na ukasinzia, utakigonga tu. Wanawake wanaotuletea ananasi wanakwenda na kurudi kila wiki, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza satelaiti iko upande gani. Lakini mume wangu alihitaji mashine.

Boti yenyewe tuliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo haraka haraka, kama wanavyofunga wote mambo yakichacha. Ilikuwa boti ndogo nyeupe ya plastiki, ndefu kidogo kuliko gari, yenye tanga kubwa na tanga dogo. Mume wangu ni karani mstaafu. Maisha yake yote alipiga mihuri kwenye karatasi za mizigo, kisha siku moja akaamka nahodha. Alinunua kofia kabla ya kununua kamba.

Wakati ule sikumcheka, kwa sababu nilikuwa na haja yangu. Mama yangu anakaa Idjwi, upande wa kaskazini. Mwaka ule muuguzi wa kituo cha afya alimwambia ana presha ya macho, kwamba kinachopotea hakirudi, na kwamba mwishowe kitapotea chote. Mama alinipigia kwa simu ya jirani. Hakulia wala hakuomba dawa.

"Mutoto yangu, kuya nikuone," alisema. "Macho iko inaisha."

Nikamwambia nakuja, tena nakuja na boti yangu mwenyewe.

Mume wangu akasema hatuwezi kuondoka hivi hivi. Ziwani kuna mpaka usioonekana, na ukivuka upande wa Rwanda kwenye ukungu bila kujua, askari wa majini wanakukamata na boti inabaki kwao. Hilo ni kweli, limewakuta wavuvi wengi, sikubishana nalo. Kilichonishinda ni yale yaliyofuata.

Mimi nauza chaja, betri na taa za sola kwenye soko la Birere, hapa Goma, huu ni mwaka wa kumi na tano. Mtu akiniletea kitu cha umeme, siulizi kwanza kinafanya nini. Nauliza kinakula nini. Kikila betri ninazoziuza mimi na jirani yangu na jirani wa jirani yangu, ni kitu. Kikila kingine, ni pambo la kabati. Nilimweleza mume wangu hivyo, na nikamwambia atafute kimashine cha mkononi, kile kinachokula betri mbili ndogo, kinachokuambia uko wapi na uelekee wapi, basi. Akaniangalia kwa huruma. Alisema hicho ni cha wapanda milima.

Alirudi na televisheni. Yeye aliiita ekra ya navigasyo, kioo cha kuonyesha njia, lakini mimi naijua televisheni nikiiona. Aliuziwa Birere hapo hapo, na mtu anayenifahamu vizuri, ndiyo maana muuzaji huyo alingoja siku ambayo sikufungua kibanda. Nikauliza inakula nini. Ilikula betri ya gari. Tukaipakia betri ya gari kwenye boti ile ndogo na boti ikalala upande kama mlevi. Tulipoiwasha, ramani iliyokuwa ndani ilikuwa ya bahari za Ulaya. Ilionyesha kila jiwe la pwani ya Ufaransa. Ziwa letu lilikuwa doa la buluu, na katika doa lile Idjwi haikuwemo kabisa. Kisiwa ambamo bibi zangu wote wamezikwa, mashine haikukijua. Debe tupu haliachi kuvuma: iliendelea kulia na kuwaka taa tulipokuwa tunaibeba kurudi nyumbani.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Wangu alinunua kingine, cha kupima kina cha maji. Nilimuuliza kina cha nini, wakati boti yetu inahitaji maji ya kufika magotini tu, na Ziwa Kivu halina mtu aliyeona chini yake. Alikwenda nacho ziwani asubuhi nzima. Karibu na ufuo kilisoma namba, na baada ya hapo kikaonyesha vistari tu. Alirudi na furaha, akaniambia ameona sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kwenye ekra. Mimi sambaza nawaona sokoni kila siku, bila betri.

Wakati huo miezi ilikuwa inakwenda. Mama alipiga simu tena, akaniambia kwamba sasa mtu akisimama mlangoni anamjua kwa umbo, si kwa sura. Nilimwambia tuko karibu kuja, kuna chombo kimoja tu bado tunakitafuta.

Mwanzoni mwa Desemba nilimnunulia mwenyewe kile kimashine cha betri mbili. Kilikuwa kimetumika, kona zake zimechubuka, lakini niliufungua mlango wa betri na chuma chake kilikuwa safi, hakina kutu. Bei yake haikufika hata nusu ya televisheni. Akakipokea kwa vidole viwili. Alikaa nacho wiki mbili, na kila jioni aliniambia ni kibovu, kwamba nimeibiwa, mimi mjuzi wa Birere. Mwisho nikamwambia anionyeshe huo ubovu.

Tukashuka mpaka ufuoni, pale boti ilipofungwa. Alikuwa ameandika humo mahali pale pale tuliposimama, kwa namba alizonakili kutoka ramani ya ukutani ya ofisi yake ya zamani. Akakiambia kitupeleke hapo. Ziwa lilikuwa mbele yetu. Mshale ukageuka nyuma, ukaelekea mlima wa Nyiragongo, na kimashine kikasema safari ni kilometa mia tatu na sabini na kitu.

Maisha yangu ni kusoma herufi ndogo nyuma ya chaja. Nikakisogeza karibu na macho.

"Papa, hii N ni ya nini?"

"Ni Nord," akasema. "Tuko Nord-Kivu, Mama. Ya kwa mama yako njo nitatia S. Ile iko Sud-Kivu."

Naapa sikuongeza neno. Mwanaume mwenye diploma, aliyepeleka mizigo ya watu mpaka Ulaya, alikuwa ameipeleka boti yangu katika misitu ya Ituri kwa sababu ya jina la jimbo. N ile ni kaskazini ya ikweta, na Goma na Idjwi zote ziko kusini yake. Nilibadilisha herufi moja, N ikawa S, nikiwa nimesimama palepale. Mshale ukazunguka, ukatulia, na kilometa zikawa sifuri. Kila kitu kilikuwa tayari. Tungeweza kuondoka Jumamosi iliyofuata.

Lakini kichekesho kama kile nani angekiweka tumboni? Kesho yake Birere nzima ilikuwa nacho. Nilikisimulia kwa muuza simu, kwa muuza vitenge, kwa wenye pikipiki waliokuwa wanangoja abiria. Nilikisimulia vizuri, kwa sauti yake, na nilipofika kwenye Nord-Kivu watu walishika mbavu. Ndani ya wiki moja, popote alipopita, walimsalimia Papa Nord na kumwuliza barabara ya Ituri ikoje.

Hakunigombeza. Alikiweka kimashine kwenye droo, akavua ile kofia, na hakushuka tena ziwani. Nikimtajia safari, anasema upepo si mzuri. Noeli ikapita. Nikamwambia acha kununa kama mtoto, na hilo nalo nililisimulia sokoni.

Sasa niseme lile ambalo mpaka leo linanichoma. Boti za Idjwi ziliendelea kuondoka kila wiki, na nauli yake si kitu cha kumshinda mwenye kibanda. Kutoka kwangu mpaka bandarini ni mwendo wa kutembea. Sikupanda. Nilikuwa nimemwambia mama, na mama alikuwa amewaambia majirani, kwamba ninakuja na boti yangu. Niliona aibu kushuka mbele yao nikiwa nimekaa juu ya gunia, kati ya mbuzi na masanduku ya bia. Nilitaka walione tanga jeupe likiingia. Nyani haoni kundule: kumbe nilikuwa na kofia yangu ya unahodha, ila haikuonekana.

Wiki ya Pasaka mume wangu alikubali. Nilimwomba msamaha kwanza, na sikuwa nimezoea. Tuliondoka asubuhi. Kukawa na ukungu kidogo, akakishika kile kimashine mkononi, akanielekeza kulia, kushoto, na hatukuukaribia mpaka hata kidogo. Hakukosea. Tulifika kwenye ufuo wa kwetu kabisa, mbele ya jiwe ambalo juu yake watu hufulia nguo. Majirani walishuka kutazama tanga, wakalisifu sana.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba. Nilimwamkia nikiwa bado mbali, akageuza uso kuelekea kwenye sauti, akaupitisha kidogo, ukatazama pembeni yangu.

"Siku ya Noeli nilikuwa bado naona watu kama kivuli," aliniambia nilipopiga magoti mbele yake. "Nilikuwa nashuka kule chini kwa maji. Boti ya Goma ikifika, naangalia wenye wanashuka, mumoja mumoja. Nilisema kivuli ya mutoto yangu nitaijua."

Aliinua mikono akaanza kunipapasa uso, polepole, kuanzia kwenye paji, akashuka mashavuni, kisha akapanda kwenye nywele chini ya kitambaa. Akaniuliza kama nimeanza kuota mvi.

Nilikuwa nazo kichwa kizima. Nikamwambia bado.