Mzee Alisikia Honi

Juzi nilikuwa Shelui nikisubiri basi la Nzega. Kwenye kibanda cha chai, mzee mmoja aliruka ghafla. "Mama, twende! Honi ya basi letu ile!" Mkewe akaacha chai ya moto, akakumbatia kuku wake, wakatoka mbio.

Kumbe lori. Siku hizi mambo ni ruksa, kila mwenye gari anafunga honi aipendayo. Mama alikuwa anageuka kuifuata chai yake, mara nyuma ya lori likatokea basi lenyewe.

"Si nilikwambia?" mzee akatamba.

"Umepatia, baba, lakini hukujua. Ulisikia lori."

"Basi si hili hapa?"

"Ndilo. Ila siyo lililopiga honi."

Nilitaka kumtetea mzee, maana nusu ya ninayoandika kwenye safu hii huwa napatia hivyo hivyo.

Mzee akampokea mkewe kuku, akamshika mkono kupanda. Walipoketi mbele yangu, akauliza polepole, "Na siku uliponikubali, ulijua nitakuwa mume mwema?"

Mama akatazama nje kidogo.

"Nilisikia lori tu, baba," akasema, akamwegemea begani. "Basi likaja nyuma."