Kiingereza cha Karatasi za Karanga

Aprili 1997, wakati wa vita, nilimpoteza mume wangu kwenye barabara ya kupanda Bugarama, yeye na lori alilokuwa akiendesha na maharage yaliyokuwemo. Lori lilipatikana baadaye, bila magurudumu. Tajiri wake alikuja nyumbani kutupa habari hiyo akiwa na furaha kidogo, kisha akakumbuka anaongea na nani, akavua kofia. Mume wangu hakupatikana.

Kwetu mtu akifa, watu huja kukaa nanyi. Baadaye sana wanakutana tena kuondoa matanga, na kuanzia hapo mjane anarudi kwenye shughuli zake. Sisi hatukuwa na maiti, kwa hiyo hatukuwa na maziko, na hakuna aliyejua aje lini. Majirani walipita mlangoni wakituonea huruma kwa macho tu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekimbia vita kijijini akaja kuishi nami, alikata shauri.

"Mutoto yangu hajazikwa," aliniambia. "We utabaki mu kilio mupaka siku tutamuzika."

Nilikuwa na watoto wa kulisha, na kazi ilikuwa inaningoja Kiriri, mtaa wa matajiri kilimani. Mpishi mmoja niliyekuwa nikisali naye alinipasha habari kwamba nyumba ya wageni anakofanya kazi inatafuta mwanamke wa kufua na kupiga pasi, ajue Kiingereza kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" nilimwuliza.

"Kidogo cha kutouliza sana," akasema. "Lakini usichelewe, dada. Wanawake ni wengi."

Wakati huo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli ikauzwa kwa chupa kama dawa. Fundi mmoja wa magari pale mtaa wa Jabe, Mwislamu aliyewahi kuishi Mombasa, alibaki na gereji isiyo na magari, akafungua humo darasa la Kiingereza la alasiri, nami nikajiunga. Tulikalia viti vilivyong'olewa kwenye magari. Dereva wa teksi aliyekosa petroli alikalia kiti cha teksi yake mwenyewe na kila siku alituuliza tunakwenda wapi.

Kitabu chetu kilikuwa cha watoto wadogo wa Ulaya. Kilikuwa mikononi mwa mama mmoja muuza karanga, ambaye alikuwa akikichana karatasi moja moja na kufungia karanga zake. Alikataa kukiuza chote, atafungia nini? Basi mwalimu alinunua karanga kila siku kwa mchango wetu, tukala, tukasoma karatasi iliyobaki. Kila karatasi ilikuwa na maneno mafupi yenye mwisho mmoja, na picha ya kueleza maana. Siku moja tulipata big, dig, fig, wig na pig. Mwalimu aliufunika mchoro wa mwisho kwa kidole gumba.

"Hiyo mutasoma kwenu," alisema.

"Mwalimu, toa kidole," dereva akamwambia. "Mi nilishalipa karanga."

"Wig ni nywele za mutu mwengine," mwalimu akaendelea, bila kutoa kidole.

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Aprili, na Jabe si mahali pa kucheka kwa siri. Kesho yake, tulipokuwa na karatasi nyingine, mama mkwe alisimama kwenye mlango wa gereji, kitenge kimefungwa vizuri, uso umefungwa zaidi.

"Niko natafuta mujane," alisema. "Waliniambia eko hapa, eko anacheka na wanaume."

Ilikuwa kweli. Nilijua akinitoa pale kwa nguvu, kazi ya Kiriri imekwenda. Dereva aliinuka akampa kiti chake. Kwa heshima hakumwuliza anakwenda wapi. Mama mkwe alikaa, akaiona karatasi mikononi mwangu, yenye madoa ya mafuta ya karanga. Alikuwa hajui kusoma, lakini picha alizielewa. Aliweka kidole juu ya mwanamume aliyebeba mtoto mabegani.

"Huyu nani?"

"Dad, mama," mwalimu akajibu. "Ni baba."

"Na hiki kitoto, kiko kinalia?"

"Sad. Kina huzuni."

"Na hapa hakuna picha."

"Had. Mutu alikuwa na kitu."

Mama mkwe aliondoa kidole. "Wazungu nabo wanafiwaka?" aliuliza.

"Wanafiwa, mama."

Hakuna aliyeondoka. Tulikaa tu. Kisha dereva alimwuliza mama mkwe polepole kama mtoto wake si yule wa lori la kijani aliyekuwa akiimba kwenye foleni ya petroli.

"Yeye," nikasema.

"Mama, utanisamehe. Mutoto yako alikuwa anaimba vibaya sana."

"Tangu mudogo!" akasema mama mkwe. "Hata mu kanisa walimukataza."

Hapo mwanafunzi mwingine akakumbuka kwamba mume wangu alimpa lifti hadi Kibenga na magodoro yake. Mwalimu alifungua viganja akaomba dua fupi, nasi Wakristo tukaitikia amina. Mtu alitumwa soda. Desturi inataka bia, lakini gereji ilikuwa ya Mwislamu, kwa hiyo mume wangu aliagwa kwa soda ya machungwa yenye joto la mchana.

Mama mkwe alimaliza chupa yake, akaiweka sakafuni. "Nilikuwa nangoja batu bakuje," alisema. "Sasa bamekuja. Matanga imeondoka. Huyu arudi mu kazi."

Njiani aliniambia, "Lakini usicheke sana."

Kesho yake asubuhi nilipanda Kiriri kwa miguu. Bibi mwenye nyumba alikuwa mrefu na mwenye haraka. Aliniambia maneno mengi ya Kiingereza, na ndani yake sikukuta hata moja la kwangu. Nilinyamaza, mikono mbele. Mpishi alikuwa nyuma yake akisikiliza.

"Anasema nini?" nilimwuliza alipomaliza.

"Anasema yule wa jana alikuwa na maneno mengi. We anakupenda."

Bibi alinipa beseni na sabuni, akanionyesha bomba lilipo. Nilianza na mashuka.