Swichi Iliyomtoa Maganga Kwenye Wimbo

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua kali na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka; wengi wamenicheka kabla yako. Lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilitoka Songea na begi moja na mkoba wa vifaa. Mafinga nikapanda lori la mbao, nikakaa juu ya mbao mpaka Singida, vumbi limenijaa hadi kwenye meno. Nzega nililala stendi. Tinde nikanunua viazi vya kukausha, nikavitafuna njia nzima hadi Kahama. Nimeshapita miaka arobaini na bado sijajua kutulia mahali pamoja. Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani, na kazi hiyo haina kwao.

Aliyeniita ni Baba Kulwa wa Nyahanga, mtaa wa palepale Kahama, tuliyefahamiana zamani nikivuta waya kwenye kambi moja huko Bugarama. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa muziki, niamini. Spika za sebuleni kwake zilikufika kifuani, na nyimbo zote alizivuta mtandaoni. Sasa alikuwa amenunua swichi mpya. Si ya taa. Nasema kile kisanduku kinachogawa waya za intaneti ndani ya nyumba. Hiki, aliambiwa na muuzaji, kimetengenezwa kwa ajili ya muziki tu na kinaondoa uchafu wote kwenye sauti.

Nikamwambia hakuna kitu kama hicho. Wimbo ukifika, umefika. Kisanduku hakiujui wimbo wala mwimbaji.

"Fundi," akanijibu, "masikio yako yameharibiwa na spika za mnadani."

Lakini alikuwa na sababu yake. Mdogo wake, Maganga, alishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, upande wa Geita. Duara likatitia, na Maganga hakutolewa tena. Kaburi hakuna, picha hakuna. Kilichobaki ni mluzi. Kuna wimbo wa ngoma uliorekodiwa uwanjani kwa kaseti (ah, kaseti! mnajua raha yake nyinyi?), baadaye mtu akauweka mtandaoni. Katikati yake Maganga, aliyekuwa mchezaji wa ngoma hiyo, anapiga mluzi mmoja mrefu. Mama yao alikuja kila siku kuusikiliza, na masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka. Baba Kulwa alitaka mama ausikie kama mwanawe yuko palepale.

Nikafunga swichi. Kisha nikasema tuijaribu. Baba Kulwa akageukia ukuta, tukamfunika kanga kichwani, mimi nikawa nabadilisha waya, mara swichi ya zamani, mara mpya, naye abahatishe ipi ni ipi. Akakosea, akakosea tena. Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mfungeni na masikio," akasema, "labda atapatia."

Wimbo baada ya wimbo, hapakuwa na tofauti yoyote. Hilo nakuapia.

Ndipo akauweka ule wimbo, swichi mpya ikiwa imeunganishwa. Ngoma zikalia, waimbaji wakaitikia. Tukasubiri mluzi. Haukuja. Pale mahali pake palikuwa kimya, kama jino lililong'olewa. Na palepale tukausikia ukipigwa nje, uani.

Baba Kulwa akasema ni watoto wa jirani. Akaurudisha wimbo nyuma. Ulipofika mahali pale, kimya ndani, mluzi nje. Mama akasimama.

Mimi nikatoka mbio. Ungefanya nini wewe?

Karibu na kamba ya nguo alisimama kijana, tope jekundu limemjaa mpaka shingoni, na tope lile lilikuwa bichi, linadondoka. Kahama nzima ilikuwa kavu, mvua hatujaiona kwa miezi! Hakunitisha. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia na anaona haya kuuliza.

"Fundi, nirudishe," akasema. "Huku nje sina pa kukaa. Na mayu asinione na tope hili."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nyuma yangu nilisikia ndara za mama zikiburuza kuja mlangoni. Nikageuka, nikampita kizingitini karibu nimwangushe, nikauchomoa waya kwenye swichi mpya na kuuchomeka kwenye ya zamani. Wimbo ukaanza tena, na mluzi ukapigwa ndani yake, mrefu, mahali pake. Baba Kulwa akakaa chini sakafuni.

Uani tulimkuta mama peke yake. Alikuwa ameinama, anagusa matone ya tope ardhini.

Tangu hapo hakuusikiliza tena ule wimbo. Alitaka jambo moja tu: niirudishe swichi mpya kwenye waya. Nikamweleza kijana alivyoniomba. Akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kumsikiliza mwanawe kuliko yeye. Baba Kulwa aliona kwamba kisanduku kikibaki pale nyumbani, mama atampata mtu wa kukichomeka. Akaniomba nikichukue, nikaenda nacho mbali.

Ninacho hadi leo. Nimefunga swichi nyingi za aina hiyo tangu wakati ule, na sijasikia hata moja ikibadilisha sauti. Basi usiniulize nilichokiona ni nini. Nakuonya tu: kabla hujaondoa kelele kwenye sauti ya zamani, uliza kwanza ni ya nani.

Siku niliyoondoka Nyahanga, mama alikuwa ameketi uani, kiti chake amekiweka karibu na kamba ya nguo. Niliweka begi chini, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikaliokota begi, nikaenda.