Magoti ya Mama Shambani

Juzi, kwenye shamba la kikundi chetu huku Kishapu, upande wa Meatu, dereva wa trekta alimpigia honi mzee wa Kihadzabe aliyesimama chini ya mgunga wenye nyuki, apishe. Nilikuwa nimechoka, nimekaa juu ya gunia la mbegu. Honi ile ikanirudisha mbali, utotoni.

Alasiri moja watu wa kijiji walikuwa wakilima shamba la pamoja kwa ngoma, udongo wa mbuga ukinuka mvua. Ghafla ngoma ikanyamaza. Wahadzabe wawili walikuwa wametokea porini na pinde zao, wakinuka moshi na asali. Nikajua wamekuja kuomba unga. Mama akaweka jembe chini, akapiga magoti kwenye tope na kuwasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," kama alivyokuwa akimsalimu babu.

"Mama, mbona unawapigia magoti waombaji?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza, mwanangu. Sisi ndio tunaoomba. Miti hii ya nyuki ni yao, na tunataka kulima karibu nayo."

Sikuelewa. Niliona aibu tu kwa gauni lake lililochafuka. Mmoja wa Wahadzabe wale aliuzunguka mgunga huu huu, akaonyesha kwa upinde majembe yaishie wapi, ndipo ngoma ikaanza tena.

Sasa najua mpaka wa shamba letu ulichorwa kwa upinde ule. Siku hizi magoti yangu yanauma, kuyakunja ni kazi. Nilimwambia dereva azime injini, nikashuka taratibu kwa magoti mpaka kwenye udongo, mbele ya mzee yule.

"Mwadila, baba," nikasema.